Udongo wa Kando ya Mtungi

Mke wangu alikuwa anakula ukuta wa nyumba yetu. Kwetu si jambo la kushangaza. Mwanamke mwenye mimba hutamani udongo, na kila mmoja ana wake: huyu kichuguu, yule udongo mweupe unaouzwa sokoni, mwingine ukuta. Yeye alikwangua kwa ukucha, akaweka ulimini, akafumba macho. Katika mimba ya kwanza nilikuwa nikimtania kwamba mvua zikija tutalala nje kwa sababu yake. Katika mimba ya pili sikutania.

Mke wangu tulimzika kabla ya mvua zilizopita. Watoto wamerudi makwao na nyumba imekuwa kubwa. Ninayoyaandika hapa ni ya miezi michache tu ya maisha yetu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, lakini ndiyo miezi niliyoogopa kuliko yote, na waliokuwa wanaijua pamoja nami hawapo tena.

Tulikuwa tunakaa upande wa Geita, kando ya mgodi mdogo wa dhahabu uliokwisha kufungwa. Wenye mgodi waliondoka wakaacha mashimo, majengo machache ya mabati, na kilima cha mchanga wa kijivu, jiwe lililosagwa likawa laini kama unga. Mchanga ule tuliupenda. Ukiuchanganya na udongo wa kichuguu na kinyesi cha ng'ombe, ukuta unakuwa laini na haupasuki jua likiwaka. Mtu akijenga, mkewe na dada zake walipanda kilimani na karai, wakarudi weupe miguu yote. Nyumba yangu na jiko lake nilivikandika mwenyewe, na kila mwaka baada ya mvua nilirudia palipobomoka.

Mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, alikufa kabla hajatembea. Alihara, akapata homa, akaisha. Watu waliendelea kutuita baba na mama kwa jina lake, kwa sababu hatukuwa na mwingine wa kuitiwa. Kila salamu ya asubuhi ilikuwa inamtaja.

Mimi nilisoma hadi darasa la nne. Mgodini nilikuwa naosha vyombo vya kioo katika chumba walichopimia dhahabu. Kwa hiyo alipokuja mkemia wa serikali kutoka Shinyanga, akakifungua kile chumba na kuuliza nani anaweza kushika chupa bila kuivunja, watu walinionyesha mimi. Alikuwa kijana, mwembamba, amesoma nje. Aliniita ndugu, kama ilivyokuwa desturi ya miaka ile. Mimi nilimwita bwana mkemia. Alikataa, nikaendelea, akazoea.

Alikuwa ameletwa na ng'ombe. Walikunywa maji yaliyotuama chini ya kile kilima cha mchanga, wakafa na matumbo yao yakiwa yamechafuka.

"Ndugu, dawa ya josho unaijua?" aliniuliza siku za kwanza. "Ile ya zamani, ya kuua kupe."

"Naijua. Ndama akiinywa hafiki nyumbani."

"Inaitwa aseniki. Basi imo ndani ya jiwe lile lile lenye dhahabu. Wamesaga jiwe, wamechukua dhahabu, hiyo nyingine wameiacha pale."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Udongo tuliuloweka katika maji na tindikali hafifu, tukauchuja. Maji yake tuliyatia katika chupa yenye shingo ndefu, kisha dawa iliongezwa, yakatokota bila moto. Mvuke unaotoka ndio unaobeba aseniki. Ulipita kwanza katika pamba iliyolowekwa dawa ya kuzuia uvundo kama wa mayai viza, halafu ukagonga kipande cha karatasi kilichofunika mdomo wa bomba. Karatasi ni nyeupe. Kama hakuna kitu, inabaki nyeupe. Kikiwapo inageuka njano kama limau, halafu rangi ya chungwa, halafu kahawia. Madirisha yote yalikuwa wazi, na nilikatazwa kuinamia chupa.

"Ukisikia harufu ya kitunguu saumu," alisema mkemia, "usiulize nani anapika. Toka nje."

Siku tuliyopima mchanga wa kilima, karatasi haikungoja kuwa njano. Ilikwenda moja kwa moja kwenye kahawia, kama sufuria ya chai iliyosahauliwa. Mkemia aliitazama, akaniangalia.

"Watu wanaufanyia nini mchanga huu?"

"Wanakandikia nyumba."

"Nyumba zipi?"

"Zote unazoziona hapo."

Alikwenda dirishani akatazama muda mrefu. "Haidhuru," alisema, kama anayejituliza mwenyewe. "Ukuta si chakula."

Nikamwambia, "Mke wangu anakula."

"Anakula nini?"

"Ukuta. Ana mimba."

Aliketi juu ya sanduku. Nilikuwa nimeshika chupa mkononi, nikaiweka mezani polepole, maana chupa zilikuwa chache.

"Usikimbie nyumbani kwanza," alisema. "Sikiliza. Aseniki si moja, ndugu. Katika udongo kama huu zinazotusumbua ni mbili. Moja imeshikamana na kutu ya chuma. Ni ngumu kutoka, ukiimeza nyingi yake inapita na kwenda zake. Nayo si nzuri, usinielewe vibaya. Lakini ya pili haijashikwa na kitu. Ikifika tumboni inaingia kwenye damu, na kwa mwenye mimba inamfikia mtoto. Karatasi hii imezionyesha zote kwa pamoja. Bado hatujui iliyomo nyumbani kwako ni ipi."

"Utajuaje?"

"Kwa kuzitenganisha."

Alikuwa na unga mweupe ndani ya kopo dogo, alioutunza kama mbegu. Ukiutia katika maji ya udongo yaliyopunguzwa ukali, ile mbaya peke yake ndiyo inayoamka na kutoka na mvuke. Nyingine inabaki imelala. Karatasi ya kwanza ni ya ile mbaya. Kisha unaongeza tindikali kali, zinki na dawa nyingine, na ile iliyolala nayo inaamka. Inapewa karatasi ya pili. Karatasi zote mbili unazilinganisha na karatasi za mfano, alizozitengeneza mwenyewe kwa kipimo anachokijua, ndipo unasema hii imo kiasi hiki na hii kiasi hiki.

"Niletee bonge la ukuta anaokula," alisema.

Hapo palikuwa na shida, maana mama mkwe wangu alikuwa amekuja kumlea binti yake. Alikuwa analala jikoni, na kwa desturi yetu mkwe wa kiume haingii anapokaa mama mkwe wake. Hampeani mikono, hamtazamani usoni. Akipita uani, mimi nageukia upande mwingine. Ukuta aliokuwa anaupenda mke wangu ulikuwa huko jikoni. Kwa hiyo nilimwomba mke wangu mwenyewe aniletee, nikamwambia ofisini wanataka kuuona udongo anaokula. Sikumwambia zaidi. Aliniletea asubuhi, bonge safi, kavu, limefungwa katika kitambaa kilichofuliwa.

Tulilipima. Karatasi ya kwanza ilipata unjano mdogo sana pembeni, wa kuutafuta. Ya pili ikawa kahawia.

"Nyingi ni ile iliyoshikwa," alisema mkemia. "Ni bora aache. Lakini lala usingizi."

Nililala kweli. Nilimwambia mke wangu apunguze, naye akasema sawa kama wanavyosema watu wasiokusudia kupunguza, nami sikumfuata. Kwa siku kadhaa chakula kilikuwa na ladha.

Halafu jioni moja aliniletea ugali uani, akaketi karibu nami. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na tope jeusi chini ya kucha. Akalamba kidole.

"Huo umeutoa wapi?"

"Pale pale. Kando ya mtungi wa maji."

"Lakini ule ulionipa ulikuwa mkavu."

Alicheka, akaziba mdomo ili mama yake asisikie. "Ule ni wa juu, karibu na mlango. Sasa ningewapelekea watu wa serikali tope la kwenye mtungi? Wangesema huyu mwanamke ni mchafu. Nilichagua pazuri."

"Na wewe unakula wapi?"

"Nimekwambia. Palipolowa. Kukavu hakuna harufu."

Niliweka tonge chini. Alikuwa amewapa wageni kilicho bora, kama anavyofanya mtu yeyote aliyelelewa vizuri hapa kwetu. Nasi tulikuwa tumepima adabu yake.

Kesho yake mkemia aliponisikia alivua miwani. Alisema ukuta unaolowa siku zote ni jambo jingine kabisa. Hewa haiingii, ile iliyoshikwa na kutu inaachiwa, na mara nyingi inageuka kuwa ile mbaya. Halafu akafungua kopo la unga mweupe, akaniinamishia nione ndani. Lilikuwa limekwisha. Mwingine ulikuwa unakuja kwa treni hadi Shinyanga, na kutoka hapo kwa lori lolote litakaloelekea kwetu.

"Nikuletee udongo sasa tuuweke?"

"Hapana. Ukikaa wazi unapata hewa, ile mbaya inageuka tena kuwa ile nyingine, tutadanganyika. Tutauchukua siku dawa itakapofika, umelowa vilevile, na tutaupima siku hiyo hiyo. Wewe mwambie aache. Mwambie leo."

Nilimwambia kila kitu. Hakucheka tena. Aliweka mkono juu ya tumbo, akaniuliza kama mtoto anasikia maumivu. Nikasema sijui. Alijaribu kuacha, namshuhudia alijaribu. Lakini mtungi ulikuwa pale pale, na harufu ya udongo uliolowa ilikuwa inamwita, na mama yake alikuwa anamsaidia kutimiza tamaa hiyo kuliko anavyomsaidia kuteka maji.

Siku zile nilimtazama kama mtu anayetazama mchele ili atoe mawe. Alitapika: wenye mimba hutapika. Alisema miguu inakufa ganzi: na hilo husema wote. Tumbo lilimkata, likatulia. Mkemia alikuwa amenitajia dalili, nami nilitamani asingenitajia, kwa sababu kila moja nilikuta ni ya mimba pia. Mchana kazini nilikuwa nasikiliza lori. Upepo ukivuma kwenye mabati nilidhani ni lori. Mtoto asipocheza tumboni kwa nusu siku, mke wangu alinyamaza, nami nikajua kwa nini amenyamaza, na hatukuambiana.

Mwishowe nilikwenda kusimama nje ya ukuta wa jiko, mgongo kwa ukuta, nikakohoa.

"Mayu," nikasema. Ndivyo tunavyomwita mama.

"Nakusikia, mkwe," alijibu kutoka ndani. "Nimesikia pia kwamba umemkataza mtoto wangu kula."

"Nimemkataza udongo, mayu."

"Mimi nilikula udongo nikiwa na huyu. Mbona ulimwoa? Ulimkuta na kasoro gani?"

Mke wangu alicheka huko ndani, kicheko kifupi.

"Hakuna kasoro. Lakini wewe ulikula udongo wa kwenu. Huu una mchanga wa mgodi."

"Aliyeukandika ni nani?"

"Ni mimi, mayu."

"Mwenye mimba akinyimwa anachotamani, mtoto anatoka akidondokwa na mate mpaka aote meno."

"Mate yatafutwa."

"Na huyo kijana wako wa serikali anapima udongo kwa ratili?"

"Kwa karatasi."

"Karatasi!" akasema, na nikamsikia anapiga makofi ya mshangao. "Amesoma mpaka anausomesha udongo." Halafu sauti ikabadilika. "Mkwe. Ni kweli ng'ombe waliokufa ni kwa kitu hicho?"

"Ni kweli."

Siku iliyofuata mke wangu aliniambia kwamba mama yake amehamisha godoro lake, analala ameegemea ule ukuta wa kando ya mtungi, na mchana anaweka kigoda pale pale, hatoki.

Lori lilifika. Mkemia alinipa chupa yenye mdomo mpana, akasema ijazwe udongo wenye unyevu na maji ya mtungi mpaka juu kabisa, isibaki nafasi ya hewa, ifungwe, iletwe mbio. Niliiweka chupa mlangoni pa jiko nikasogea nyuma ya mti wa mnyaa. Baada ya muda nikasikia, "Mkwe, mzigo wako uko mlangoni." Mama mkwe alikuwa ameijaza mwenyewe mpaka maji yakamwagika, na safari hii udongo ulikuwa wa pale penyewe. Alama za kucha za binti yake zilikuwa bado zinaonekana kwenye kibonge kilichogusa kioo.

Nilikimbia. Sikuwa kijana sana, lakini nilikimbia na ile chupa kifuani kama mtu aliyebeba mgonjwa.

Mkemia hakuanza na udongo wetu. Alianza na dawa zenyewe bila udongo, ili ajue kwamba uchafu hautoki kwake. Karatasi ikabaki nyeupe. Niliitazama karatasi ile nyeupe nikaitamani. Kisha akatia maji ya udongo wetu, akapunguza ukali, akaongeza unga, akafunga. Yakatokota. Tulirudi nyuma, yeye kwenye dirisha moja, mimi kwenye jingine.

Karatasi ya kwanza iligeuka njano. Nikajiambia ni unjano mdogo. Ikaendelea. Ilikuwa kama mtu anayemwaga chai kwenye kitambaa na huwezi kumshika mkono. Ilipofika kahawia mkemia alikwenda kuitoa kwa koleo ndogo, akailaza kando ya karatasi za mfano, akaisogeza, akaisogeza tena, mpaka akapita karatasi za mfano zote na kubaki na meza tupu.

Ya pili alipima pia, maana kazi ilitaka. Sikuiangalia.

"Abomoe ukuta leo," alisema. "Aulowanishe kwanza usitoe vumbi." Alisahau kwamba ni mimi wa kuubomoa.

"Na mtoto?"

"Ndugu yangu, hizi karatasi zinapima udongo." Macho yake yalikuwa mekundu. "Tumbo siwezi kulipima. Hakuna anayeweza, hapa wala Shinyanga. Tungoje azaliwe."

Siku hiyo mama mkwe alitoka jikoni akaketi uani, ametupa mgongo, ili mimi niingie. Nilikwangua plasta ile mpaka nikaziona fito. Chini ya mtungi ilikuwa nyeusi, inanata, inanukia vizuri. Nasema kweli, inanukia kama mvua ya kwanza. Nilimwelewa. Tuliitupa kwenye shimo la zamani la mgodi na kufukia. Mke wangu alisimama mlangoni ananitazama.

"Na yule wa kwanza?" akauliza.

Niliendelea kukwangua.

"Nilikuwa nakula hapa hapa. Na yeye mwenyewe alipoanza kutambaa alikuwa analamba. Si unakumbuka? Tulikuwa tunamcheka."

"Nakumbuka."

"Basi?"

"Sijui," nikamwambia. "Watoto wengi walihara mwaka ule. Sijui."

Alingoja kama nitaongeza kitu. Kumwambia hapana kungekuwa uongo, na kumwambia ndiyo nako kungekuwa uongo. Maisha yetu yote hakuniuliza tena, nami sikumsaidia kusahau. Nilimwambia nisichokijua kwamba sikijui, na mpaka leo sijajua kama ulikuwa wema.

Mkemia aliwaita majirani, akawaeleza vizuri. Wengine walibomoa. Wengine walisema serikali imeona nyumba zetu ni nzuri mno. Mama mkwe alimtuma mtu kwao akaleta udongo wa kichuguu katika kikapu, akauacha mlangoni kwangu akisema upelekwe kwenye karatasi. Tuliupima na karatasi haikubadilika. Ndio mke wangu alioula mpaka mwisho, kidogo kidogo, bila furaha. Alisema hauna harufu.

Uchungu ulimshika asubuhi. Nilisimama nje ya zahanati na nikagundua kwamba nimesimama nyuma, karibu na dirisha, kama nilivyozoea kule kazini. Mtoto alilia. Ni binti. Yu hai, ana watoto wake, na siwezi kusema ni kwa sababu tuliacha mapema ama kwa sababu nyingine ambayo hakuna chupa ya kuionyesha.

Waliponiruhusu kuingia nilimchukua, nikamgeuzia mwanga.

"Umeshaanza kumpima," alisema mke wangu. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Ndiyo."

"Basi pima upesi. Anataka kunyonya."

Nilimfunua viganja, kimoja halafu kingine. Nikatazama nyayo. Nikamnusa mdomo. Hata sikujua ninatafuta nini. Alikunja ngumi akaanza kulia upya, nikamrudisha kwa mama yake.